Chakula cha Kubeba Shuleni: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mtoto wa shule ya awali Dar es Salaam anapanda basi la shule saa kumi na moja na nusu alfajiri. Anakula saa nne. Mwenzake anayebeba chakula cha mchana anafungua kopo saa saba. Toka jikoni kwako hadi mdomoni kwake ni saa nne na nusu au zaidi ya saba, ndani ya begi, kwenye joto. Kopo kupendeza mezani alfajiri si hoja. Hoja ni hali yake saa linapofunguliwa, na kama mtoto atalimaliza.

Kwa miaka mingi nimesimamia meza za watoto wakati wa kula. Nimefuta matapishi, nimegonga migongo ya waliopaliwa, nimerudisha nyumbani makopo yaliyojaa huku wenye makopo wakisinzia darasani kwa njaa. Karibu yote hayo yalizuilika usiku uliotangulia. Watoto wanapenda rangi na maumbo, na ni haki yao kufurahia chakula chao. Lakini furaha hiyo itoke kwenye chakula chenyewe, na kiwe salama. Hayo yanawezekana kwa sufuria, kisu na vitu vya sokoni.

SAA NA JOTO

Fanya

Hesabu saa kabla ya kuchagua chakula. Chakula kilichopikwa chenye unyevu kisikae zaidi ya saa mbili bila ubaridi wala moto. Bakteria huzaliana haraka kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi, na joto la mchana la Dar es Salaam mwezi Februari linafika nyuzi 32. Begi la shule ni mahali pazuri mno kwao. Kwa hiyo chakula chenye unyevu kiwe cha moto kweli au cha baridi kweli. Uvuguvugu ndio unaoumiza watoto.

Pasha hotpoti kabla ya kuijaza. Mimina maji yaliyochemka, funga, subiri dakika tano hadi kumi, mwaga, kisha tia chakula kinachofuka mvuke mpaka karibu na ukingo. Hotpoti yenye ubaridi hunyonya joto la chakula, na ikijazwa nusu hupoa upesi. Wengi huiosha kwa maji ya bomba, wakatia maharage papo hapo, kisha wakalalamika kwamba hotpoti ni mbovu.

Gandisha chupa ndogo ya maji usiku. Asubuhi ifunge kwa kitambaa, iweke ubavuni mwa mtindi, matunda yaliyokatwa au yai la kuchemsha. Saa nne barafu imeyeyuka nusu, chakula bado ni cha baridi, na mtoto amepata maji ya kunywa.

Huna hotpoti wala barafu? Pakia kikavu. Mkate na siagi ya karanga, andazi, chapati isiyo na mchuzi, korosho kwa mtoto mkubwa, ndizi ndani ya ganda lake. Bakteria wanahitaji maji. Chakula kikavu kinavumilia safari.

Usifanye

Usipakie kiporo cha wali kilicholala nje. Mchele hubeba bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake haziuawi na kuchemka. Wali ukikaa nje usiku kucha, mbegu hizo zinaamka, zinazaliana na kutoa sumu. Sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha wali mpaka ufuke. Ndiyo maana mtoto anakula wali wa moto saa nne na saa sita anatapika. Mama anaapa aliupasha vizuri, na ni kweli aliupasha.

Usitie chakula cha tui la nazi kwenye kopo la kawaida. Mchicha wa nazi, maharage ya nazi, samaki wa kupaka: vyote vinachacha kabla ya mapumziko. Vipike jioni, viliwe nyumbani.

Usitumie pua kupima usalama. Chakula kilichochacha kinanuka, lakini sumu nyingine hazina harufu wala ladha. Bakteria wa kwenye ngozi na vidonda, Staphylococcus aureus, huacha sumu ya namna hiyo. "Nilikinusa, kilikuwa kizuri" si utetezi.

UKUBWA WA TONGE

Fanya

Kata kwa urefu. Soseji, zabibu, nyanya ndogo za duara: kila kimoja kipasuliwe kwa urefu mara nne. Ukikata soseji kwa upana unapata vizibo vya duara, na duara ndilo linaloziba koo. Njia ya hewa ya mtoto wa shule ya awali ni nyembamba, karibu na unene wa kidole chake kidogo. Kiangalie kidole hicho kabla hujashika kisu.

Menya, kata na utoe mbegu nyumbani. Chungwa zima ni adhabu kwa mtoto wa miaka mitano. Hana kisu, hana nguvu, na kipindi cha kula ni kifupi. Limenye, ligawe vipande, toa mbegu. Embe likatwe vipande vidogo, kokwa libaki nyumbani.

Jifunze kumsaidia aliyepaliwa, na umfundishe dada wa nyumbani. Mtoto aliyezidi mwaka mmoja akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, muinamishe, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Kilichomkaba kikigoma kutoka, simama nyuma yake, kunja ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5. Rudia mpaka kitoke, na mtu mwingine aite msaada. Usimtie kidole kooni ukipapasa, utakisukuma chini zaidi.

Usifanye

Usimpe karanga nzima, bisi wala pipi ngumu mtoto ambaye hajatimiza miaka mitano. Shuleni anakula huku anacheka, anakimbia, anasukumwa. Karanga moja inatosha kuingia njia ya hewa. Mpe siagi ya karanga, ipake nyembamba kwenye mkate.

Usipeleke vijiti vya mishikaki wala vya meno. Vinapendeza kwenye picha. Mezani vinageuka silaha: jicho la jirani, kaakaa la mwenyewe. Matunda ya rangi mbalimbali yanapendeza bila kuchomwa kijiti.

Usipakie samaki mwenye miiba. Hata kama umemchambua. Mwiba mmoja uliokupita wewe mwenye taa na miwani hauonwi na mtoto mwenye njaa.

RANGI NA MAUMBO

Fanya

Anza na makundi matatu tuliyofundishwa kliniki: cha kutia nguvu, cha kujenga mwili, cha kulinda mwili. Kiazi kitamu, yai, papai. Chapati, maharage makavu yasiyo na mchuzi, karoti. Mkate, siagi ya karanga, ndizi. Ukikamilisha makundi matatu, rangi zinakuja zenyewe.

Tia rangi ndani ya unga. Chemsha malenge, ponda, kandia unga wa chapati: zinatoka za manjano na laini hata zikipoa. Mchicha uliosagwa unatoa chapati za kijani. Kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya chungwa ni rangi tosha, na rangi hiyo ndiyo mwili huigeuza vitamini A. Mtoto anayekataa mboga kwenye sahani huila ndani ya chapati bila vita.

Kata maumbo kwa vyombo ulivyo navyo. Mdomo wa glasi unatoa chapati za duara za kiganja cha mtoto. Kisu kinatoa pembetatu. Kunja chapati na yai lililokaangwa likaiva kabisa, kata vipande vya upana wa vidole viwili: ndiyo rolex ya Uganda, na watoto wanaila wakiwa wamesimama. Kwa kuwa ina yai, ipakie ya moto ndani ya hotpoti.

Tenganisha chenye maji na kikavu. Nyanya na tango kwenye kikopo chake, mkate kwenye chake. Nyanya ikikaa juu ya mkate toka alfajiri, saa nne mtoto anafungua bonge lililolowa. Hali. Na ana haki.

Kamulia ndimu matunda yaliyokatwa. Tufaha na parachichi hubadilika rangi zikipigwa na hewa. Matone machache yanatosha. Ndizi mwachie na ganda lake. Hakuna kifuniko bora.

Usifanye

Usinunue furaha ya rangi za viwandani. Ubuyu mwekundu unaopaka mikono, aisi za rangi, krispi za pakiti ya kung'aa: mtoto anashiba chumvi, sukari na rangi, na saa tano ana njaa tena. Pakiti ya krispi si mlo hata ikiwa na katuni.

Usijenge sanamu. Dubu wa wali mwenye masikio ya karoti amechukua nusu saa ya mikono yako juu ya chakula kilichokwisha kupoa. Kila mguso unaongeza vijidudu, kila dakika inashusha joto. Begi likitikiswa mara mbili kwenye basi, dubu amekuwa uji. Umbo moja, rangi tatu, funga.

Usijaribu chakula kipya siku ya shule. Jumamosi ndiyo siku ya majaribio. Ukimwona amekila mezani kwako na tumbo halikumsumbua, kipakie Jumatatu.

Usitumie karanga zilizonyauka, zenye ukungu au chungu, hata kwa kashata. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Chambua karanga moja moja mchana kweupe. Zinazotia shaka tupa; kuku pia usimpe.

KINYWAJI NA UTAMU

Fanya

Pakia maji. Kila siku, chupa ya mtoto mwenyewe, yaliyochemshwa au kutibiwa. Mtoto asiyekunywa maji mpaka saa nane anaumwa kichwa, na mwalimu anadhani ni mvivu.

Weka tunda mahali pa juisi. Chungwa lina nyuzinyuzi, linatafunwa, linashibisha. Vitamini C iliyomo inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya maharage na mboga za majani yaliyomo kwenye kopo lilelile.

Soma pakiti kabla ya kulipa. Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi. Ukisoma maji, sukari, kisha ladha, ujue umenunua maji ya sukari yenye picha ya embe.

Usifanye

Usipeleke soda. Chupa ya mililita 300 ya kola ina zaidi ya gramu 30 za sukari, vijiko vya chai visivyopungua saba. Usingemlambisha mtoto vijiko saba vya sukari asubuhi. Basi usimpe kwa chupa.

Usimpe chai ya rangi pamoja na mlo wa maharage. Chai inazuia mwili kufyonza madini ya chuma, na watoto wenye upungufu wa damu tunao wa kutosha madarasani. Chai ibaki nyumbani. Shuleni ni maji.

Usitumie pipi kama hongo. "Ukimaliza viazi, kuna pipi chini." Umemfundisha kwamba viazi ni adhabu na pipi ni tuzo. Wengi huanza na pipi, kengele ikalia, viazi vikarudi.

KOPO NA MIKONO

Fanya

Ng'oa mpira wa mfuniko uuoshe. Chukua mpini wa kijiko, nyanyua ule mpira mwembamba unaozunguka mfuniko kwa ndani. Kwenye makopo mengi ninayoletewa, chini yake kuna ute mweusi wa ukungu na maziwa yaliyoganda. Kopo linang'aa nje, na mtoto anakula juu ya uozo. Toa mpira kila jioni, osha kwa sabuni na maji ya moto, anika, rudisha asubuhi ukiwa mkavu.

Angalia chini ya kopo. Pembetatu yenye namba 5 ni plastiki inayostahimili chakula cha moto. Lisilo na alama lisitiwe kitu cha moto.

Nawa mikono kwa sabuni, sekunde 20, kabla ya kugusa chochote. Mwenye jipu, kidonda au kuhara asipakie chakula cha mtoto siku hiyo. Awe baba, mama, bibi au dada.

Mfundishe mtoto kufungua. Nimemwona wa miaka minne amelibana kopo kifuani, kidevu juu ya mfuniko, vidole vinateleza, machozi yanakaribia, na kengele ya kurudi darasani inalia. Chakula kilikuwa kizuri. Hakikuliwa. Mpe kopo hilo nyumbani, afungue na kufunga mara tano mbele yako. Akishindwa, badilisha kopo.

Usifanye

Usifunge andazi kwa gazeti. Mafuta yanayeyusha wino, wino unaingia kwenye andazi. Tumia kitambaa safi cha pamba.

Usitie chipsi za moto kwenye mfuko wa plastiki. Mifuko ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu Juni 2019, lakini vifungashio vyembamba bado vinatumika kwa chakula cha moto. Plastiki hiyo haikutengenezewa joto.

Usigeuze ndoo ya siagi kuwa hotpoti. Imetengenezwa kwa kitu cha baridi, itumiwe mara moja. Weka humo vibanio vya nguo.

Usimtupie dada kila kitu kisha umlaumu. Kama hujamwambia wali uliolala nje usipakiwe, kosa ni lako. Andika mlo wa siku tano Jumapili, ubandike jikoni, muupitie pamoja.

MTOTO NA WENZAKE

Fanya

Mpe uchaguzi wa vitu viwili. "Kesho embe au papai?" Si "unataka nini?" Aliyechagua mwenyewe hula. Mruhusu pia apange vipande ndani ya kopo usiku. Mikono iliyonawa inatosha.

Mweleze mwalimu kuhusu mzio, kwa maandishi. Karanga, mayai, maziwa, samaki: taja chakula, taja dalili, taja dawa. Bandika jina la mtoto na onyo hilo kwenye mfuniko. Kumwambia dereva wa basi hakutoshi.

Fungua kopo mwenyewe linaporudi. Lililobaki linakupa taarifa. Kipande kilichong'atwa mara moja: ladha haikumpendeza. Kilichobaki kizima: hakukifungua, au hakuwa na muda. Nusu imebaki kila siku: unapakia kingi mno. Rekebisha usiku huohuo.

Usifanye

Usimpige wala kumfokea kwa chakula kilichobaki. Atajifunza kukitupa chooni. Utafurahia kopo tupu huku mtoto anakonda.

Usipakie soseji au nyama ya kopo usiyojua ni ya mnyama gani. Meza zetu zina Waislamu na Wakristo, na watoto wanamegeana kabla mwalimu hajageuka. Heshimu nyumba ya mwenzio.

Usimtume mtoto kushindana. Kopo la gharama lililojaa vitu vya dukani linamwinua wako kwa dakika kumi na kumdhalilisha aliye pembeni. Wala usimwambie mtoto afiche kiazi kitamu au muhogo wake. Ni chakula kamili kuliko biskuti za jirani. Ukikionea haya wewe, ataona haya yeye, na atalala njaa mchana.

Usisingizie alfajiri. Saa kumi na moja hakuna anayefikiri vizuri, na makosa mengi niliyoyataja huzaliwa saa hiyo. Kazi hii ni ya jioni. Chupa iingie kwenye friza, mpira wa mfuniko uanikwe, karanga zichambuliwe, mtoto achague tunda lake. Alfajiri ibakiwe na mambo mawili tu: kupasha na kufunga.